Kipimo cha Unga

Foleni ya kibanda cha unga ilifika mpaka mlango wa soko. Muuzaji, dada mwenye gauni la buluu lililojaa vumbi jeupe mabegani, hakumhudumia mtu kabla ya kumsogezea karatasi.

"Weka sahihi kwanza, kaka. Tunapinga mbegu za maabara."

"Nisipoweka?"

"Utakula, ila utakula kwa aibu."

Watu walicheka. Kijana aliyeuliza, shati limenyooshwa vizuri, alikuwa mpimaji wa maabara ya chakula. Alisoma karatasi yote, foleni ikinung'unika nyuma yake.

"Neno 'sumu' silikubali. Lakini hapa mnapotaka kila mfuko uandikwe kilichomo, niko nanyi." Akakata neno moja, akatia sahihi.

"Umenisahihishia insha?"

"Nipimie kilo mbili, mwalimu."

Simu zikaanza wiki ileile.

"Daktari wa Mahindi, umekula?"

"Nimekula unga wako, laazizi. Sijashiba sauti yako tu."

"Muongo wewe!"

Juu ya kibanda palikuwa na kibao: *Unga huu hauna mbegu za maabara.* Mahindi yalitoka shambani kwa ndugu wa muuzaji, na mbegu alizijua. Kwa kibao hicho akina mama walimwamini, na wao ndio waliomchagua akaitetee karatasi ile mbele ya baraza la mji.

Mpimaji alitaka kumpa zawadi. Alipeleka unga ule maabara ili mpenzi wake aende barazani na ushahidi mkononi. Kipimo kikaonyesha vinasaba vilivyobadilishwa. Akarudia. Jibu likawa lilelile. Akampigia.

"Mpenzi, unga wako umechanganyika. Mbegu za maabara zimo, ingawa kidogo."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kesho nasimama barazani, leo unaniletea hili? Wamekununua!"

Akakata simu. Alipopigiwa tena, hakupokea.

Asubuhi, kabla ya baraza, muuzaji alipitia kwenye mashine anakosagisha. Msagaji alikuwa akimimina magunia ya mahindi ya manjano.

"Shikamoo, mzee. Haya ni ya nani?"

"Marahaba, binti yangu. Chakula cha kuku. Mahindi ya ng'ambo, yale ya maabara, tunasaga kila siku."

"Kwenye mashine hiihii ya unga wangu?"

"Mashine ni ya wote, mwanangu. Nafagia kidogo, kisha namimina yako."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. "Mungu wangu, nisaidie niseme kweli," akaomba, kisha akajifuta vumbi na kwenda.

Nje ya ukumbi rafiki yake alimvuta mkono. "Shoga, nyamaza! Ukisema, tutachekwa mpaka basi."

"Tuchekwe."

Ukumbini akasimama wima. "Kibao changu kimewadanganya. Sikujua, lakini kimewadanganya. Leo nakishusha."

Minong'ono ikazuka. Mama mmoja aliinuka. "Mimi nimewalisha wanangu kwa neno lako. Sinunui tena kwako!"

"Una haki, mama." Hakuketi. Akaligeukia baraza. "Kama mimi ninayesagisha na kuuza mwenyewe sikujua kilichomo, anayenunua dukani atajuaje? Tunataka kila mfuko upimwe na kuandikwa. Wangu uwe wa kwanza."

"Tutalijadili," alisema mwenyekiti.

"Lijadilini sasa. Sisi hatuondoki."

Akaketi. Akina mama wakabaki vitini. Mpimaji alitoka safu ya nyuma, akapita mbele ya mkuu wake wa kazi, akaketi karibu naye.

"Bosi wako anakuona," alinong'ona yule dada.

"Aone."

"Nilikuita mtu wa kununuliwa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila 'sumu' bado silikubali."

"Na mimi silifuti."

"Basi acha nioe mtu wa kubishana naye. Utakubali?"

"Unaniposa barazani?"

"Si umesema hatuondoki?"

Alijaribu kujizuia, kicheko kikamtoka. Pembeni, yule mama aliyekataa unga wake alikuwa amesimama, akitafuta pa kukaa kati yao.

"Nimekubali," alisema yule dada, akimkamata mkono. "Sasa sogea, mpenzi, mama apate nafasi. Kazi bado."