Chanjo Aliyoikataa Fundi Viatu

Fundi viatu na mkewe walikaa vyumba viwili nyuma ya soko. Kaka yake fundi alikuja kutafuta kazi, akakaa nao. Alikuwa akikohoa.

"Ni vumbi la barabarani tu," alisema. Wakamwamini.

Mtoto wao wa pili alizaliwa ghafla, nyumbani. Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuwapongeza.

"Mpelekeni kesho akapate chanjo ya kifua kikuu," alisema.

Fundi akatikisa kichwa. "Dada yake alichomwa, mkono ukatunga usaha. Huyu simpeleki kuumizwa."

"Kile kidonda ni cha kawaida, shemeji. Kinatokea baada ya wiki chache, kinapona chenyewe na kuacha kovu."

"Kila mtu husifia duka lake!" fundi alitania. Mkewe alicheka kidogo. Muuguzi hakucheka.

Miezi saba ikapita. Mtoto akashikwa na homa isiyoisha. Walimpa dawa za dukani wiki mbili. Kisha akaanza kutapika, shingo ikakakamaa, akapata degedege. Wakamkimbiza hospitali.

"Ni kifua kikuu," daktari alisema. "Kimeingia kwenye ubongo. Nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

Fundi alitazama sakafu. "Kaka yangu. Huu mwezi wa nane."

"Mtu akikohoa wiki mbili tu, aje apimwe. Nyote mje kesho. Mtoto alichanjwa?"

"Hapana. Nilikataa mimi." Fundi akainua macho. "Angechanjwa, asingeugua?"

"Siwezi kukuapia. Lakini chanjo hii huwakinga watoto wadogo, hasa na kifua kikuu kikali kama hiki."

Kaka alipimwa, akakutwa na ugonjwa. Alimeza dawa miezi sita, akapona. Mtoto alitibiwa mwaka mzima. Naye alipona, ila hasikii tena.

Siku moja mke alisema, "Siku ile nilitaka kumpeleka. Nikakunyamazia."

"Ningekukatalia."

"Najua. Ningeenda tu."



Mtoto wa tatu alipozaliwa, fundi mwenyewe alimbeba kwenda zahanati kesho yake. Muuguzi alimchoma sindano ndogo mkononi, juu karibu na bega. Mtoto akalia. Fundi naye machozi yakamtoka.

"Shemeji, aliyechomwa ni mtoto!" muuguzi alisema. Kisha akamshika bega. "Kidonda kikitoka, msikipake kitu wala msikikamue. Muosheni kwa maji safi, basi."

Wakafanya hivyo. Kidonda kikakauka.

Sasa binti huyo ana miaka miwili. Ana afya, na maneno yake hayaishi. Jana alisimama mlangoni akimwita kaka yake, yule mtoto wa pili, aje kula. Aliita mara ya kwanza, akaita ya pili. Halafu akamwendea, akamgusa bega, akamshika mkono.

Fundi aliinamia kiatu alichokuwa akishona. Ilimchukua muda kuliona tundu la sindano.