Nungunungu wa Vimulimuli

Vimulimuli vilipaa kwa pamoja kutoka kwenye paa la uwanja, vikajipanga juu ya mstari wa kati, na kabla shabiki hajameza mate Nungunungu alikuwa amesimama angani, mrefu kuliko minara ya taa, miiba ikimchomoza mgongoni mmoja mmoja. Alijishika kiuno. Akawanyooshea wageni kidole, akajikuna tumbo, akacheka. Jiji zima la Mwanza lilikijua kicheko kile, kuanzia abiria wa reli ya angani hadi wachuuzi wa soko la samaki.

Kimulimuli kilikuwa mashine ndogo kuliko punje ya hindi, yenye mabawa manne na taa moja inayoonekana hata juani. Kila kimoja kilikuwa doti moja ya picha. Halmashauri haikuruhusu angani vimulimuli vingi, kwa hiyo picha zilikuwa za doti chache, kingo zake za ngazi ngazi kama michezo ya kompyuta ya zama za mababu. Mchoraji wa picha za namna hiyo alitakiwa kujua jambo ambalo mashine kubwa za kuchora zilikuwa zimelisahau, nalo ni kuacha. Jicho la Nungunungu lilikuwa doti mbili tu. Ukiongeza ya tatu, anageuka panya.

Mchoraji wake alikuwa Milembe Ngassa. Yeye ndiye aliyechora pia twiga wa timu ya kikapu na jogoo wa mafuta ya kupikia, lakini Nungunungu wa Majabali FC ndiye aliyempa jina. Siku hiyo hakuwa uwanjani. Alikuwa Nyakato, nyumbani kwa mama yake, amekaa kwenye mkeka chini ya turubai la msiba, na picha yake aliiona kwa mbali juu ya majabali. Kaka yake Makoye alikuwa amefariki jana yake. Moyo ulisimama akiwa anafunga viatu. Na kule angani kicheko cha Makoye kilikuwa kinawachekea watu ili wanunue kinywaji cha kopo kiitwacho Tikisa.

"Kizimeni," mama yake alisema, kana kwamba kuna mtu pale mwenye swichi ya mbingu.

Hasira ya Milembe haikuwa ya siku moja. Zamani, kabla ya vimulimuli, Nungunungu alikuwa vazi la manyoya na miiba ya plastiki, na aliyekuwa ndani ya vazi ni Makoye. Hatua zake alizirithi kwa babu yao, aliyekuwa mwindaji wa nungunungu na mcheza ngoma wa chama cha wawindaji wenzake. Lakini kilichowaleta watu uwanjani hakikuwa hatua tu. Makoye hakuwahi kukataa uchokozi. Shabiki wa timu pinzani akimwambia aruke, ataruka. Akimwambia alale, atalala katikati ya tope, na hainuki mpaka mzaha umefika mwisho wake. Milembe alipomchora kwa doti alikuwa anamchora kaka yake, na kila mtu alilijua hilo.

Kisha Kampuni ya Upeo ikaleta akilimwigo, akili ya mashine inayojifunza mtu. Makoye alivaa fulana yenye vihisi msimu mzima, nayo ikamnasa kuanzia bega linavyoshuka hadi pumzi anayovuta kabla ya kucheka, na kila neno la utani wake. Alifurahi kama mtoto. Msimu ulipoisha walimvua fulana, wakampa keki, wakamwambia mwenendo ule sasa ni mali ya kampuni. Alipocheza hatua za babu yake arusini kwa binamu, wakili wa Upeo alimpigia simu kabla pilau haijapakuliwa. Tangu hapo Makoye akienda arusini alikaa kwenye kiti. Mtu mzima mwenye miguu yake miwili, amekaa kwenye kiti ngoma inalia. Milembe alipokumbuka jambo hilo alitamani kuuma kitu.

Jioni ile Bwana Erasto Mbwilo, mkuu wa matangazo wa Upeo, alikuja msibani na kreti za Tikisa. Alivua viatu vizuri, akampa mama pole, kisha akamwomba Milembe wasogee pembeni.

"Dada Milembe, pole sana. Kwa kweli tumepoteza mtu."

"Nimewaona mchana mkiomboleza."

Erasto hakuonekana kuusikia mkuki ule, au aliusikia akaumeza. "Tunataka kumuaga kwa heshima. Nungunungu alie. Doti moja tu ya buluu, hapa chini ya jicho. Wewe ndiye unayejua pa kuiweka. Halafu atawashukuru mashabiki kwa sauti ya marehemu."

"Halafu?"

"Halafu atainua kopo kidogo. Wadhamini nao wanaomboleza."

Milembe alimtazama mpaka mtu yule akaanza kurekebisha kola. "Erasto, kaka yangu nataka azikwe wote. Mkono wake, mguu wake, na kicheko chake. Sitaki azikwe nusu, nusu nyingine ibaki angani inauza soda. Kifuteni."

"Hakifutiki, dada." Aliyasema kwa upole, kama daktari. "Akilimwigo haina nakala mahali popote. Tuliogopa wapinzani wasije wakaiiba. Imo ndani ya vimulimuli vyenyewe, kila kimoja kimebeba kipande. Kuifuta ni kuviua vyote. Lichukulie hivi: Makoye yuko salama kwetu. Hafi tena."

"Ondoka na kreti zako."

"Usipolichora chozi, mashine italichora yenyewe."

"Itamfanya panya," Milembe alisema, akarudi mkekani. Usiku ule hakulia. Hasira ilikuwa imekalia mahali pa machozi, ikajaa pote.

Makaburini kesho yake, jeneza lilipofika, watu walikuta kaburi limeshakaliwa. Somoe Pazi, muuza vitenge, Mzaramo aliyeishi Mwanza miaka mingi bila kuacha kuishangilia timu ya Pwani, alikuwa amelala ndani chali, mikono kifuani, kanga usoni. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki zake msibani. Humwiga marehemu, humsema, hulala kaburini akazuia maziko mpaka wafiwa watoe faini, japo sarafu moja. Pia ana kazi zake: Somoe alikuwa amepika uji wa wafiwa tangu alfajiri, akafua na mashuka. Mtani wa kweli huchekesha kwa mkono uliochoka.

"Hazikwi mtu hapa," alisema kutoka chini. "Huyu Msukuma alisema tutaonana uwanjani Jumamosi. Ameona kipigo kinakuja, amejificha kwenye sanduku. Na mlivyomshindilia michembe yenu ya viazi, mtawezaje kumteremsha?"

Watu walicheka huku wakilia. Hata mama yake Makoye, aliyeshikwa mabega na wanawake wawili, alitikisika kidogo. Milembe aliona kifua kinamlegea kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya kifo.

Ndipo vimulimuli vikaja.

Vilitokea upande wa uwanja kwa mvumo wa nzige, vikajipanga juu ya makaburi, Nungunungu akasimama. Chini ya jicho lake mashine ilikuwa imeweka chozi la doti tatu. Alikuwa panya kweli. Lakini bega lilishuka kama la Makoye, pumzi ikavutwa kama ya Makoye, na sauti ikatoka: "Jamani, mbona mmenuna? Nani kafa?"

Mtu mmoja alipiga yowe. Wengine walicheka bila kutaka, maana ndivyo Makoye angesema, neno kwa neno. Nungunungu akaiga mwendo wa mchungaji, akaiga kilio cha wajomba, akainua mkono, na kopo la Tikisa likamea mkononi doti kwa doti. Erasto alisimama kwenye lango, kidhibiti mkononi, uso wa huzuni ameuvaa vizuri.

Milembe alitafuta jiwe. Kwa kweli aliinama akalitafuta, na angelirusha, lakini Somoe alikuwa ameshatoka kaburini, udongo mgongoni, amejishika kiuno, amemkazia macho yule wa angani.

"Wewe," alisema. "Nani kakupa utani hapa?"

Nungunungu akageuka. "Mama Vitenge! Umekuja kunifuta machozi?"

Somoe alipepesa macho. Ndivyo Makoye alivyomwita, miaka yote. Kisha akainua kidole. "Mtani anapika. Mtani anachimba. Mimi nimelala kwenye udongo, wewe unaringa juu kama kunguru. Kama ni mwanamume, shuka ulale."

Milembe aliacha jiwe likaanguka. Alielewa kabla ya Erasto kuelewa. Makoye hakuwahi kukataa uchokozi, na mashine ilikuwa imejifunza yote.

Nungunungu alijikuna tumbo. Picha ikalegea, ikamwagika kutoka angani kama mtama unaomiminwa, ikaingia kaburini. Watu walisogea kuchungulia. Pale chini, kwenye udongo mwekundu, Nungunungu alikuwa amejilaza chali, miiba imefuata kuta, mikono kifuani kama Somoe.

"Sitoki mpaka nilipwe," ilisema sauti ya Makoye, na ikacheka.

"Mwacheni," Milembe aliwaambia wajomba waliokuwa wanapapasa mifuko. "Asilipwe na mtu."

Erasto alikuja mbio akibonyeza kidhibiti. Hakikusaidia. Upeo wenyewe walikuwa wameamuru akilimwigo isikatizwe katikati ya mzaha, kwa kuwa mzaha uliokatizwa hauuzi kopo. Alitoa noti, akainama ukingoni. "Mimi nalipa. Haya, toka."

"Faini hutolewa na wafiwa," Somoe alisema. "Wewe umefiwa na nani?"

Erasto aliisogeza noti chini zaidi. Kule chini Nungunungu aliitazama noti, akageuza uso ukutani kwa madaha, na watu wakacheka tena, kicheko kikali kisicho na raha.

"Teremsheni jeneza," Milembe alisema.

"Dada Milembe, ile ni mali ya kampuni. Ni kazi yako pia. Ni mkono wako ule."

"Ndiyo maana nimesema mimi."

Wajomba walimtazama mama. Mama alitikisa kichwa kukubali. Kamba zikaachiwa taratibu, jeneza likashuka juu ya mwanga, likaukalia, na mwanga ukabaki mstari mwembamba pembeni mwa mbao pande zote. Nungunungu hakuhama. Mzaha ulikuwa haujafika mwisho. Mchungaji alisoma maneno yake kwa sauti isiyotulia, maana kila alipovuta pumzi palisikika kicheko kutoka chini ya marehemu, kicheko cha marehemu.

Milembe ndiye aliyepewa koleo la kwanza. Alitupa udongo kwa hasira yote aliyokuwa nayo, kwa ajili ya keki ile, na simu ya wakili, na kaka yake kwenye kiti. Wajomba wakafuata. Mstari wa mwanga ulikatika vipande. Sauti ikafifia, ikawa ya mtu aliye chumba cha pili.

"Ngojeni," mama yake alisema.

Makoleo yalisimama. Mama aliwaondoa wanawake waliomshika, akapiga magoti ukingoni, akainamisha sikio.

"Ni yeye," alisema. "Mwacheni amalize kucheka kwanza."

Walingoja. Erasto naye alingoja. Kicheko kilipanda, kikashuka, kikavuta pumzi, kikaanza tena palepale kilipoanzia, bila kuchoka, bila kukohoa. Makoye kila alipocheka sana alikohoa. Mama alingoja kikohozi. Milembe aliuona uso wake ukingoja, akajua kwamba mashine haimalizi, na kwamba hakuna mwingine pale atakayeweza kumwambia mama yake.

"Mama," alisema, "huyo hamalizi."

Mama hakuinua kichwa. Milembe alimshika mkono, akausogeza kando kwa upole, kisha akachota udongo.