Ng'ombe wa Mzee Omosa

Mvua ya Kisii haibishi hodi. Ilimwagika adhuhuri ya siku ya soko, na pale Daraja Mbili wauza ndizi waliacha mikungu yao na kukimbilia popote penye paa. Duka la Persis lilijaa mpaka mlangoni. Lilikuwa duka jembamba la kuuza sinema, kompyuta moja na spika moja, na ukuta mzima mabango ya wanaume wenye bastola. Persis alivaa sweta ya manjano na suruali ya jinzi, kucha zake nyekundu, na hakuwa na huruma na watu waliokuja tu kujikinga mvua.

"Wewe mrefu, kama hununui usinizibie kompyuta."

"Nanunua," alisema kijana. Alikuwa na jaketi la ngozi juu na buti za mpira chini, zenye matope. Alinukia majani chai mabichi. "Nataka sinema ya mafia. Iliyotafsiriwa."

"Ziko nyingi. Unataka ya risasi ama ya wazee?"

"Ya wazee. Wale wa suti, mtu akiingia anainama."

"Kumbe unapenda kuinamiwa."

"Si yangu, ni ya babu. Anasema wale wazee walilelewa vizuri. Mtoto hamjibu baba, na wote wanakula meza moja."

"Na wakianza kuuana?"

"Hapo huwa anaita chai."

Persis alicheka mpaka wauza ndizi wakageuka. Alichukua flashi yake na kuanza kumpakia sinema. "Babu yako ana kazi gani ya kupata wakati wa sinema mchana?"

"Ananunua majani chai. Kuanzia Ikonge kushuka mpaka Masimba."

Vidole vya Persis vilisimama. "Wewe ni wa Omosa."

"Mokua. Mjukuu."

"Mimi baba yangu ni Makori wa Ikonge."

"Yule anayetutukana kanisani?"

"Hawatukani. Anawaombea."

Wote wawili walicheka, lakini hawakucheka sana. Kila mtu Nyamira anamjua Mzee Omosa. Ni mangirito wa zamani, yaani mtu anayenunua majani shambani kwa watu kabla hayajafika kiwandani. Alianza na punda. Mwanawe Ombui akaleta pikapu, kisha pikapu nyingine. Sasa barabara ile yote ni yao. Mnunuzi mwingine akijaribu kupita, magurudumu yake yanapasuka, au wachumaji wake hawaonekani, au anaitwa kunywa chai kwa mzee na akitoka huko ameacha biashara. Mzee mwenyewe hajawahi kumpiga mtu kofi. Hupaza sauti akiimba tu. Makori ndiye alikuwa mkulima wa pekee aliyesimama mbele ya watu na kusema majani ya Ikonge yaende kiwandani Itumbe.

Nisizunguke. Walipendana. Mokua alirudi kila siku ya soko kutafuta sinema ambazo babu yake alishaziona. Alimletea parachichi, akamletea miwa, siku moja akamletea kuku hai, na Persis akamfunga kwenye mguu wa meza mpaka jioni. Walikula chipsi karibu na stendi, Persis akimfuta pilipili mdomoni kwa kidole mbele ya watu. Usiku simu zao zilichemka.

"Mafia wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, mama sinema?"

"Nimekula ugali wa wimbi na mboga ya saga. Lakini nina njaa."

"Njaa ya nini?"

"Wacha ujinga. Mama yuko hapa."

Simu moja ya namna hiyo ndiyo iliyowaharibia. Persis alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema. Alimwambia kwamba baba yake amewakusanya wakulima wa Ikonge, na Jumanne watachuma wote, wapakie majani kwenye lori moja mpaka Itumbe. Osoro wa Masimba ndiye amekubali kuwaletea lori.

"Usimwambie mtu, Mafia. Hata kidogo."

"Nimwambie nani? Mimi na ile biashara tutaachana tu. Nikikuoa naondoka."

"Kwani unanioa?"

"Kwani yule kuku ulidhani ni wa nini?"

Sasa, kwetu Gusii kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba haingii nyumba ya mtoto wake wa kiume. Mtoto hataji mapenzi mbele ya baba. Mkiangalia sinema pamoja na ikafika mahali pa kubusiana, mmoja wenu lazima atoke nje akaone kama ng'ombe wamefungwa. Kwa hivyo Mokua hangeweza kumwendea baba yake Ombui aseme anataka kuoa. Lakini kati ya babu na mjukuu hakuna ukuta. Hao hutaniana, husemezana mambo ya chumbani, na babu humwita mke wa mjukuu wake mke wangu na watu wote wakacheka. Mapenzi ya kijana hupita kwa babu. Ndivyo ilivyo, na ni vizuri, kama babu yako si Omosa.

Mzee alikuwa barazani, kofia kichwani, sinema inaendelea.

"Babu, nimepata msichana."

"Ana meno?"

"Yote."

"Basi huyo ni wangu. Wewe tafuta mwingine."

"Babu, wewe utamtafuna na nini?"

Mzee alicheka akaonyesha ufizi. "Ni wa nani?"

"Wa Makori. Makori wa Ikonge."

Mzee alisimamisha sinema. Hakukasirika. Alifikiri, halafu akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kizuri. "Mtu wa msimamo, Makori. Nyumba nzuri ya kuoa. Nitaenda nimsalimie. Jumanne yuko?"

"Jumanne hapana, babu. Jumanne watakuwa na lori la Osoro, wanapeleka majani Itumbe. Enda Jumatano."

"Jumatano," alisema mzee, akaiachilia sinema iendelee.

Mokua alitoka akipiga mluzi. Hakuhisi amemwambia mtu. Alikuwa amemwambia babu.

Jumanne Ikonge yote ilichuma. Magunia yalijaa kibanda cha kupimia, yakamwagika nje mpaka barabarani. Watu waliimba. Kisha wakaacha kuimba, wakaanza kuangalia barabara. Osoro alipiga simu akasema lori limekufa injini, na muda si mrefu mtu wa boda akapita na kusema ameliona pale Masimba limebeba mchanga. Majani chai hayangoji. Yakilundikana yanapata joto, yanakuwa mekundu, na hakuna kiwanda kinachoyataka. Jua lilipoanza kushuka, pikapu za Ombui zilifika zikiwa tupu, zikaegeshwa kwa mpangilio. Ombui alikaa ndani na dirisha wazi, akasema bei aliyotaka. Watu walimuuzia. Mama mmoja akapita karibu na Makori akatema mate chini.

Makori hakuuza. Alibeba gunia lake mgongoni, akalimwaga kwenye shina la migomba yake, akaingia ndani.

Persis alipiga simu akiwa bado dukani.

"Mokua."

Kijana alijua mambo yameharibika. Hakuitwa Mafia.

"Nilimwambia mtu mmoja," alisema Persis. "Mmoja peke yake duniani."

"Persis, mimi sikumwa..." Alikumbuka baraza, kofia, sinema iliyosimamishwa. "Woi."

"Woi nini?"

"Nilimwambia babu. Nilikuwa namwambia juu yako."

Simu ilikatika. Akapiga tena, akapiga tena, mpaka akajua amezuiliwa.

Siku ya soko alienda dukani. Persis alikuwa na wateja na hakumtazama. Mokua akapanga foleni kama mtu mwingine.

"Unataka gani?" Persis alimuuliza akiangalia kompyuta.

"Ya mtu mjinga."

"Hiyo huna haja ya kununua. Jiangalie kwa kioo."

Wateja wakaguna. Mzee mmoja mwenye mwavuli akasema, "Binti, msikize tu, watu wanangoja."

"Sikumuuza baba yako," Mokua alisema polepole. "Nilienda kusema nataka kukuoa. Ningemwambia nani mwingine? Baba? Wewe ungepata mchumba ungemwambia nani kwanza?"

Jibu lilikuwa bibi yake mzaa baba, na Persis alikuwa amemweleza yote, mpaka habari za kuku. Machozi yalimtoka akiwa bado ameshika kipanya.

"Baba hatoki nyumbani," alisema. "Kanisani amekaa nyuma. Baba yangu, Mokua. Nyuma."

"Naacha kazi. Leo hii naenda kumwambia babu."

"Kweli?"

"Nikidanganya, niuzie sinema za Kihindi maisha yangu yote."

Persis alicheka kidogo, na alipocheka walikuwa wamepatana. Yule mzee wa mwavuli akapiga makofi, kisha akaomba sinema yake ya karate.

Mokua alienda akasema. Alisema amesimama, kofia mkononi. Anaacha pikapu, anaacha majani, ataenda kutafuta kazi ya udereva Kisumu. Mzee Omosa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Nani amekukataza kuoa?" aliuliza. "Oa. Ng'ombe nitatoa mimi, wazuri, wa maziwa. Kisumu utakula nini, samaki kila siku?"

"Na mambo ya lori, babu?"

"Lori ni biashara. Hawa ni ng'ombe wa heshima. Nenda umwambie msichana wangu."

Mokua alipiga simu akiwa anakimbia. "Amekubali! Mama sinema, amekubali, na ng'ombe anatoa mwenyewe!"

Persis alipiga kelele ya furaha. Kisha sauti yake ikashuka.

"Mafia," alisema. "Baba akipokea ng'ombe wa Omosa, watakuwa wakwe. Mkwe hasimami mbele ya watu kumsema mkwe wake. Hata kumtazama usoni ni aibu. Atanyamaza mpaka kufa."

Mokua akakaa chini kando ya barabara, pale pale kwenye nyasi zenye maji. "Basi tutoroke. Twende Kisumu bila ng'ombe."

"Tukitoroka, babu yako atawaleta hao ng'ombe mwenyewe mchana mbele ya watu wote, aseme kijana wake amekosa adabu na anaomba msamaha. Baba atafanya nini? Amfukuze?"

"Basi tufanye nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye mafia."

Hakuna aliyecheka.

Ujumbe wa Mzee Omosa ulipofika Ikonge kwamba wageni wanakuja, Makori hangeweza kumuuliza binti yake kama anampenda kijana. Si jambo la baba. Alimtuma mkewe, Nyanchera, ambaye alimkuta Persis akichambua managu nyuma ya jikoni.

"Baba yako anauliza kama wageni wapikiwe."

Persis aliacha mboga. "Mama, mwambie kama wageni watamuumiza, wasipikiwe. Mimi nitapoa. Watu hupoa."

Nyanchera alizunguka nyumba. Persis alisikia sauti ya baba yake, chini, na hakushika maneno. Mama alirudi akijifuta macho kwa leso.

"Anasema ameshachagua mbuzi wa kuchinja. Anasema yule mweupe."

Yule mweupe ndiye Makori alikuwa akimlambisha chumvi kwa mkono wake. Persis alielewa. Baba yake alikuwa amemjibu jambo ambalo hangeweza kumwambia.

Walikuja Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato. Mzee Omosa alivaa suti ya kijivu na kofia mpya, akashuka garini taratibu, akamsalimia kila mtu kwa jina, mpaka watoto. Ombui alikaa kona akiangalia viatu vyake. Mokua alikuwa na tai iliyomkaba. Persis aliletwa na shangazi zake, gauni la kitenge cha buluu, shanga nyeupe, mrembo kiasi cha kuumiza.

"Binti," alisema mzee msemaji, "tupokee ng'ombe hawa, ama wageni warudi nao?"

Hapana moja tu ingetosha. Persis alimtazama Mokua, naye Mokua, Mungu amsamehe, hakujua amwombee lipi. Alimtazama baba yake. Makori alikuwa akitazama ukuta, lakini mkono wake juu ya goti ulifunguka, kiganja juu, kama mtu anayeachilia kitu.

"Pokeeni," alisema Persis.

Vigelegele vikapasua paa. Mzee Omosa alicheka na ufizi wote. Walipokuwa wakiondoka alimshika mjukuu wake bega na kumpa ndoano ya mizani, ile ya chuma aliyoanza nayo siku za punda. Ombui aliiona ikipita mbele yake.

"Baba yako anajua kutisha watu," mzee alisema. "Miaka yote hiyo hakuweza kumnyamazisha Makori. Wewe umemnyamazisha kwa kupenda tu. Sasa barabara ni yako."

"Babu, mimi siitaki."

"Najua. Ndiyo maana nakupa."

Jumatatu moja asubuhi, Persis akiwa ameshahamia kwa Mokua, ukungu ulikuwa bado kwenye migomba ya Ikonge. Wakulima walipanga foleni mbele ya pikapu, na Mokua ndiye aliyekuwa akipima kwa ndoano ya babu. Foleni ikasogea, ikasogea, na mwisho likafika gunia lililoshonwa kwa kamba ya buluu. Mokua hakuinua kichwa. Mkwe hamtazami mkwe. Makori naye aligeuza uso akatazama chai yake mlimani. Mokua alipima gunia lile, akalipima tena kwa hofu asije akakosea, akamtuma utingo ampe Makori pesa zake za haki. Mikono yao haikugusana.

Mchana simu ililia.

"Alileta?" Persis aliuliza. Kwa nyuma Daraja Mbili ilikuwa ikipiga kelele zake.

"Alileta."

"Alisema nini?"

"Hakusema."

"Na wewe?"

"Ningesema nini, Persis?"

Alimsikia akipumua. Akamsikia akimwambia mteja angoje. Mokua alishika simu kwa mikono miwili, akingoja amwite Mafia.

"Uje na mkate jioni," alisema Persis. "Na uvue hizo buti nje."

Akakata, mteja alikuwa anangoja.