Maji ya Kunawa Mkahawani kwa Yakub

Levi ni mwana wa Jared, Jared ni mwana wa Nicholas, na Nicholas ni mwana wa Ondiek wa Rusinga. Ondiek alitoa shamba lake ijengwe shule. Nicholas alifundisha katika shule hiyo miaka thelathini na mitano, wala hakuwahi kutoka kabla ya kengele. Jared alikuwa askari wa forodha aliyekataa hongo hadi walanguzi wakachoka kumjaribu. Katika ukoo huo hajapatikana mwizi wala mwoga.

Hata hivyo, Jumapili ile, saa saba mchana, Levi aliogopa.

"Korongo, Kituo hapa. Uko wapi?"

Sauti ya wakubwa wake wa ujasusi, waliomwita Korongo kazini, ilitoka katika kisikilizio kidogo alichokificha sikioni. Levi akainua glasi ya maji kuficha midomo.

"Homa Bay mjini. Mkahawa wa Kigiriki wa Yakub. Ninakula na familia."

Sauti ikashuka.

"Usisimame. Bomu limo humo."

Levi akanywa funda moja, kana kwamba hakusikia kitu.

"Baruti iliibwa mgodini Migori juzi," Kituo kikaendelea. "Walanguzi wa dhahabu wanataka kulipua boti ya saa nane inayowapeleka wakaguzi kisiwani Takawiri. Mbebaji anasubiri humo, amejifanya mtu aliyekuja kula na jamaa zake. Begi liko chini ya meza. Swichi anayo mwilini."

"Sura yake?"

"Hatuna. Ni mwanamume, na hayuko peke yake. Akishtuka, atabonyeza. Usimtoe mtu nje. Kikosi kitafika baada ya dakika ishirini."

Levi akaiweka glasi mezani polepole. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa kiunoni chini ya shati, kando ya pingu. Mbele ya swichi, haikuwa na faida yoyote.

Kando yake alikuwa mkewe, Marion. Mbele yake alikuwa mamake, Phelesia. Katikati yao alikuwa Emmaculate, bintiye, aliyetimiza miaka saba siku hiyo.

"Baba, hii ni nini?"

"Musaka. Biringani na nyama ya kusaga."

"Dani anasema ni ugali uliopotea njia."

"Nimesema," Phelesia, bibi yake, akajibu. "Mtu anapika nyama, kisha anaifunika. Anaficha nini?"

Yakub, mtu wa Pwani aliyewapikia mabaharia wa Kigiriki miaka ishirini kabla ya kufungua mkahawa wake, alikuwa akipita na mikate.

"Mama, chakula hakijakupendeza?"

"Samaki huyu, ngege wa ndimu, ni mzuri, Yakub. Hayo mengine utajibu mbele ya Mungu."

Marion akacheka. Levi naye akacheka, na kicheko chake kikamtisha mwenyewe.

Meza nyingine zilikuwa tatu.

Mlangoni, baba mwenye suti, mkewe na mapacha.

Dirishani, kijana na mpenzi wake. Kijana alikuwa akitokwa na jasho.

Karibu na jiko, bwana wa makamo katika fulana ya Lacoste, pamoja na mama mzee mwenye kitambaa kichwani. Bwana huyu alikuwa amewasalimu wote kwa Kijaluo fasaha. "Nimemleta mama mkwe wangu ale vizuri," alisema. "Mke wangu yuko kazini Mbita." Kila mtu alimpenda.

Chini ya kila meza palikuwa na begi.

Levi akamkazia macho kijana wa dirishani. Jasho lile! Akahesabu hatua. Sita. Nyingi mno.

Ndipo Phelesia akasonya.

"Tazama yule. Anachovya bakuli moja na mama mkwe."

"Mama, ni watu wa kisasa," Marion akanong'ona.

"Nyathina, mwanangu, wa kisasa nawajua. Watakaa meza moja, sawa. Lakini wachovye bakuli moja, vidole vikigusana? Na huyo mama hata hageuzi uso! Hao si mkwe na mama mkwe hata kidogo."

Levi akamwacha kijana, akamtazama bwana wa Lacoste.

Mtu anaweza kujifunza lugha. Aibu hii ya Mjaluo mbele ya mkwe haifundishwi darasani.

Sumayya, bintiye Yakub, alikuwa akitoka jikoni na birika la maji ya vuguvugu na beseni, kwa ajili ya waliokula kwa mikono. Levi akainuka.

"Korongo, nimekuambia usisimame!"

Levi akapokea vyombo.

Akaanza na meza ya mlangoni. Mapacha wakanawa, suti ikanawa. Akaenda dirishani. Kijana akanawa, na pete ya uchumba ikamdondoka kutoka kiganjani. Kumbe jasho lilikuwa la hiyo.

Kisha meza ya karibu na jiko.

"Karibu unawe, bwana."

"Wewe si mhudumu."

"Binti yangu anatimiza miaka saba leo. Amenituma niwanawishe wageni wote."

Bwana akatabasamu. Akanyoosha mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulibaki mfukoni.

Nyuma ya Levi, Emmaculate alikuwa akiimba.

"Mkono mmoja?" Levi akauliza kwa sauti ya kusikika. "Mbele ya mama mkwe?"

Wageni wakacheka. Bwana akatazama huku na huku. Hakutaka kuonekana mgeni wa desturi.

Mkono wa kushoto ukatoka.

Levi akamimina maji. Mikono miwili juu ya beseni, vidole vikisuguana.

Birika likadondoka, pingu zikalia katika mikono ya yule bwana. Kra! Kra!

Mama mzee akarukia mfuko wa yule bwana kwa wepesi usio wa uzee. Levi akammwagia beseni lote usoni, na kabla hajafumbua macho, Glock ilikuwa mbele yake.

"Tulia, mama."

Akachomoa swichi mfukoni mwa bwana, mfano wa rimoti ya gari, akaitoa betri.

"Korongo! Korongo, jibu!"

"Wote wawili wamenawa," Levi akasema. "Leteni watu wa mabomu."

Akawatoa wageni nje, meza baada ya meza, hadi kikosi kilipoingia. Kisha akambeba Emmaculate begani na kutembea kuelekea ziwani bila kugeuka nyuma. Saa nane kamili, boti ya Takawiri ikang'oa nanga.

Nanyi vijana mnaodhani bastola ndiyo iliyoiokoa boti ile, someni tena. Hakuna risasi iliyotoka. Zimeni simu mnapokula. Mama zenu wakinung'unika kuhusu adabu, fungeni midomo na msikilize. Siwaombi. Ninaagiza.