Wimbo wa Ngurumo, Sauti ya Chini

Kwanza ilisikika pumzi. Fundi wa studio alikuwa ameshazima ngoma, na alipozima na lile gitaa la kukwaruza, akasikia kwenye spika mtu anavuta pumzi taratibu. Haikuwa ya mdogo wake. Mdogo wake, kwenye rekodi ile, alikuwa katikati ya mstari wa pili, anapiga kelele kama aliyeibiwa, na hakuna binadamu anayeweza kupiga kelele huku anavuta pumzi.

"Umechoka wewe," Fundi alijiambia. Na kweli alikuwa hoi, wiki ya tatu anahangaika na wimbo mmoja.

Ngurumo, mdogo wake huyo wa kike, aliurekodi miaka tisa nyuma na bendi yake ya roki, watu wakautikisia vichwa nusura wavunjike shingo. Sasa bendi imesambaratika, koo limeisha, na usingizi haumpati kabisa. Amekonda mpaka mbavu unazihesabu. Daktari amesema asipolala, mwaka haumalizi. Ndipo kaka mtu akawaza: tuupoze wimbo, auimbe polepole, huenda na moyo ukapoa. Wazo jema, nani angelikataa?

"Mdogo wangu, hebu sikia hapa."

Ngurumo alijiinua kwenye kochi, akasikiliza kidogo tu, akashika kichwa.

"Rudisha ngoma, kaka."

"Hiki ni nini?"

"Rudisha kwanza!"

Fundi akarudisha. Chini ya makelele yale, Ngurumo akaanza kunong'ona.

"Kinaniita. Tangu nikiwa msichana, pakiwa kimya tu kinaniita, kwa sauti ya mtu ninayempenda. Bibi alinikanya, jini likikuita usiitike. Atakayeitika ndiye litakayemfuata, wengine litawaacha. Basi nikapiga kelele ili nisilisikie. Ulidhani naimba?" Alicheka bila nguvu. "Nimechoka, kaka. Nitaitika siku moja, ilimradi nilale."

"Ole wako! Jilaze hapo, kazi hii naifuta leo leo."

Angefuta tu yakaisha. Lakini sikio la fundi halina adabu. Alivaa hedifoni asikilize mara ya mwisho, akazima ngoma, akazima gitaa, akazima besi, akaizima hata sauti ya Ngurumo mwenyewe, kukabaki ukimya ambao haukuwa mtupu, na ndani yake ile pumzi ikawa inasogea, na harufu ya udongo mbichi ikaingia puani ingawa nje lilikuwa jua la mchana, na kioo cha chumba cha kuimbia kikafunga ukungu kwa ndani, pole pole, kwa kimo cha mdomo wa mtu, mpaka sauti ya mdogo wake ikasema kwa upole masikioni mwake:

"Kaka, unanisikia?"

Aliyekaa miaka ishirini mbele ya kioo kile akiulizwa hivyo hafikiri. Kidole kiliwahi kitufe cha kuongea na mwimbaji kabla ya akili.

"Nakusikia."

Nyuma yake, kwenye kochi, Ngurumo alikuwa anakoroma.

Alilala siku mbili. Alipoamka aliomba chakula, akala, akaomba tena. Fundi alilia kwa furaha, halafu akaenda kununua redio kubwa.

Tangu hapo nyumba yake haikuishiwa kelele. Jioni ya nne mkewe akaizima redio.

"Baba watoto, huruma jamani. Mtoto ndiyo kwanza kalala."

Wakakaa kimya. Mara kutoka chumba cha mtoto, sauti ndogo tamu ikaita:

"Mama, unanisikia?"

Mtoto ana miezi minne. Mke akageuka, uso umechanua, mdomo tayari wazi.

"Nakusikia!" Fundi alipaza sauti, akamziba mdomo kwa kiganja. "Nakusikia mimi. Niko hapa."

Mke aliutoa mkono ule. "Nani huyo?"

"Wangu," Fundi alisema, akiwa amechoka mno hata kuogopa. "Akiita, niachie mimi. Wewe usiitike."