Maranda Yaliyolaliwa

Asubuhi ile Fundi Msasa alikuta rundo la maranda ya mbao chini ya meza yake ya kazi limebonyea katikati, kama godoro la mtu aliyeamka sasa hivi. Akaligusa. Lilikuwa na joto. Akajiambia ni paka, ingawa nyumba ile haikuwa na paka, wala panya wa kumlisha.

Jina la Msasa alipewa kwa ajili ya sauti yake ya kukwaruza. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, seremala mwenzake. Mzee yule alikuwa na usafi wa kuudhi. Hakuweka randa chini bila kushika fagio, na kabla ya kuvuka mlango alikunjua mapindo ya suruali akayakung'uta, wanawe wakimcheka.

"Chekeni," alikuwa akiwaambia. "Maranda yakilala, kuna mwenye kuyalalia."

Msasa naye alifagia vivyo hivyo mpaka mkewe alipojifungua binti. Tangu hapo usingizi ukawa wa kuokoteza, na takataka akawa anazisukumia chini ya meza. Kesho nayo siku, alisema. Alikuwa anamchongea mwanawe kitanda, na mtoto hangoji.

Rundo likakua kuliko kazi aliyoifanya. Likaanza kunuka nywele zilizoungua. Kisha adhuhuri moja, mke na mume wamekaa wanakula, ikasikika kutoka karakana: krwaa... krwaa... Randa lilikuwa likipita kwenye ubao.

Mkewe aliliacha tonge njiani. "Umemwachia nani kazi?" akanong'ona.

"Sijamwachia mtu."

"Basi usiende, mume wangu. Nakuomba."

Alikwenda, akausukuma mlango taratibu, na sauti ikakatika, na hakukuwa na mtu, ila randa juu ya meza, mpini wake umelowa jasho la kiganja kisicho chake, na kitanda cha mtoto, alichokiacha hakina ubavu mmoja, kimesimama kimekamilika, laini kuliko ubao wowote aliowahi kuulainisha maishani, na chini ya meza lile rundo likipanda na kushuka, polepole, likipumua.

Aliogopa kweli, na hakuiogopea roho yake. Alimwogopea yule mchanga aliyelala chumbani.

Shangazi yake, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya wasioonekana, aliitwa, akafika kabla ubani wa chetezo chake haujapoa mkononi. Alichungulia mara moja tu.

"Hukumwita kwa mdomo, lakini umemtandikia," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni aliyetandikiwa haondoki mpaka matandiko yatoke. Yatoe yote, na kitanda hicho ukichome. Hata chembe isiingie ndani alikolala mtoto. Na ukisemeshwa, usijibu."

Msasa akafagia. Rundo lilikuwa zito, kana kwamba anamburura mtu asiyetaka kutoka. Kwenye kizingiti likamsemesha, tena kwa sauti yake mwenyewe ya kukwaruza: "Niachie kidogo. Kidogo tu." Akauma midomo, akalisukumia uani, akalichoma pamoja na kitanda. Shangazi akarudi ndani, akanusa pembe zote za karakana.

"Ametoka. Sasa fagia kama marehemu baba yako."

"Hata kwa ulimi nitafagia, shangazi," Msasa akasema, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza.

Akakimbilia chumbani. Mkewe alikuwa amepitiwa na usingizi, binti kando yake, mzima, anapumua vizuri. Msasa alilia kwa furaha bila aibu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama avue viatu.

Kutoka kwenye mapindo ya suruali yake ukamwagika unga wa mbao sakafuni. Ulikuwa kidogo tu.

Akamkumbuka baba yake pale mlangoni. Nyuma yake ikapita harufu ya nywele zilizoungua. Aligeuka, akaona godoro, kati ya mama na mwana, likibonyea taratibu, na mtoto akabingirikia ndani ya lile bonde, akatulia.