Sauti Iliyomwita Yaling

Kila alfajiri Yaling alikunywa uji wake wa mchele, akatia dawa yake ya pumu ya kuvuta mfukoni, akamuaga bibi yake na kwenda bustani ya ziwani. Huko wazee wa mtaa walifanya qigong, mazoezi ya mwendo wa taratibu na pumzi ndefu. Daktari alikuwa amesema dawa asiiache, na mazoezi nayo yatamsaidia kifua. Lakini Yaling hakufika kwenye mstari wa wazee. Safari yake iliishia bombani, karibu na lango.

Sababu aliijua mwenyewe. Spika ndogo iliyotundikwa mtini ilitoa sauti ya babu yake, Mzee Qu, aliyekuwa mwalimu wao hadi alipofariki wakati wa baridi. "Vuta pumzi... toa..." Marehemu anaongoza, walio hai wanafuata! Na pale mbele, nafasi yake waliiacha wazi. Yaling alisisimka mwili kila alipoifikiria.

Basi alilowesha viatu kwa maji ya bomba, vionekane vimelowa umande, akarudi nyumbani.

"Umefanya nyendo zote nane?" bibi aliuliza.

"Zote, bibi."

Bibi akaviinamia viatu. "Makubwa! Vimelowa chapachapa, lakini hata jani moja la nyasi halijavishika. Kwani bustani wameisakafia lini?"

Yaling akacheka kwa shida. Wiki hiyo kifua kilikuwa kikimbana hata akipanda ngazi za shule.

Kesho yake ukungu ulitanda. Yaling alipitia bombani, kisha akanyata hadi kwenye nyasi ili safari hii viatu vinase majani. Wazee walionekana vichwa na mikono tu, ikipanda na kushuka bila kishindo. Ghafla akaganda. Nafasi ya babu haikuwa tupu! Mtu alisimama pale, amewapa wengine mgongo, amevaa koti la kijivu lenye kiraka kwenye kiwiko. Lilikuwa koti la babu. Mara sauti ikasema:

"Yaling, shusha mabega. Babu nipo hapa."

"Mama yangu wee!" Yaling akatimua mbio. Hakufika mbali, pumzi ikakatika. Akaanguka magoti, akapapasa mfukoni, dawa haimo. Yule wa koti la kijivu akatokeza kwenye ukungu, akaja moja kwa moja, akamshika shingo kwa mkono wa baridi. Yaling alitaka kupiga kelele, akashindwa.

"Ni mimi, mwanangu. Dawa yako umeiangusha, hii hapa. Vuta. Sasa toa polepole... polepole..."

Alikuwa bibi. Pumzi ikarudi kidogokidogo.

"Bibi! Koti la babu!"

"Kuna baridi. Ulitaka niwaachie nondo walitoboe? Nimekuja kwa njia ya mkato kumtafuta mjukuu wangu wa nyendo nane. Bi Pan wa hapa mazoezini anasema hajakuona tangu msiba."

"Lakini babu kaniita!"

"Anakuita kila siku, kwenye mwendo wa tatu. Siku aliyorekodi ulikuwa ubavuni mwake, umepandisha mabega kama kuku aliyenyeshewa. Ungekuja hata mara moja, ungemsikia."

Yaling akaangua kilio. Asubuhi zote zile babu alikuwa akimwita, naye yuko bombani.

"Niliogopa, bibi. Nikakudanganya."

"Kuogopa si kosa. Hata mimi leo nimetetemeka kuisikia sauti ile. Ungeniambia, tungeogopa pamoja. Uongo ndio uliokuacha peke yako, na ungekuua. Bibi utamdanganya kwa maji ya bomba, mwanangu, lakini kifua hakidanganyiki."

Siku iliyofuata walisimama wawili kwenye ile nafasi, miguu ndani ya nyasi zenye umande. Ukungu ulikuwa uleule, na Yaling alisogea karibu na bibi. Mwendo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita.

"Yaling, shusha mabega. Babu nipo hapa."

"Ndiyo, babu," Yaling alijibu, akayashusha.